Sindano Ilitangulia Chupa

Niliwaacha kwenye benchi la korti ya Isiolo, mimi na hasira yangu tumebanana kama wageni wa harusi isiyotuhusu. Sogeeni basi, tuendelee.

Asiyenisoma wiki iliyopita ajue haya tu. Mjukuu wangu Jarso, dereva wa lori la maji la kampuni ya visima, alipinduka kwenye mteremko wa barabara ya Oldonyiro mwaka ule wa ukame, themanini na nne. Utingo wake Nakuam, kijana wa Kiturkana aliyekula kwangu kama mtoto wa nyumba, alifia pale pale. Jarso alivunjika mguu. Mara ngapi alimwambia meneja, Bwana Marsden, kwamba breki za lori lile hazishiki! Jibu lilikuwa moja: endesha polepole.

Baada ya ajali, kampuni ilichukua mkojo wa Jarso kwenye zahanati ya kambi yao, ukapelekwa maabara Nairobi. Ukarudi na jina la mofini. Hapo breki zikasahaulika. Ikawa sasa ni dereva aliyelewa dawa akaua mtu, naye yuko rumande anangoja kufungwa.

Nilisimama mbele ya hakimu nikaapa kwamba pale zahanati alidungwa sindano ya maumivu kwanza, chupa ikajazwa baadaye. Kiongozi wa mashtaka akacheka mpaka bega likatikisika.

"Nyanya gani hatamtetea mjukuu wake?"

Baada yangu akaitwa mtu wa maabara.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilitaka awe na kitambi na saa ya dhahabu. Akaja mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, koti limefifia viwiko.

"Waeleze watu hapa ulifanya nini," hakimu akasema, "kwa lugha ya kueleweka."

"Mheshimiwa, kwanza nilitazama lakiri ya chupa. Ilikuwa nzima. Nikachukua mkojo kidogo, nikazikamua dawa zilizokuwa ndani yake. Tone lake nikaliweka sehemu ya chini ya kioo kilichopakwa unga mweupe. Kando yake nikaweka matone ya dawa ninazozijua. Nikakisimamisha kioo ndani ya mtungi wenye majimaji kidogo. Majimaji yale hupanda kioo kama mafuta yanavyopanda utambi, na yakipanda yanaibeba kila dawa mpaka mahali pake. Kisha napuliza rangi."

"Ukaona nini?"

"Doa la mkojo huu lilisimama sambamba na doa la mofini, kwa rangi ile ile. Nikarudia kwa njia nyingine. Likawa lile lile."

"Bangi?"

"Hakuna."

"Zile tembe za madereva za kufukuza usingizi?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Mofini peke yake."

Hakimu akaegemea mbele. "Na hiyo mofini iliingiaje mwilini mwake?"

Yule mtu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Maabara haioni mlango, Mheshimiwa. Inaona kilichomo ndani ya nyumba. Mofini ya muuguzi na mofini ya mhuni zinatoa doa moja."

"Alaa!" Nikajikuta nimesimama. "Mmesikia? Mmesikia ninyi?"

"Nyanya, kaa chini," karani wa korti akanikemea.

Nikakaa. Lakini nilikaa kwa upande mmoja tu.

Kiongozi wa mashtaka akainuka taratibu, kama mtu aliyeshiba. "Kama sindano ya zahanati ilidungwa kabla ya mkojo kuchukuliwa, jibu lako lingekuwa hili hili?"

"Ndiyo."

"Na kama ilidungwa baada ya mkojo kuchukuliwa?"

"Basi mofini niliyoiona haikutoka kwenye sindano hiyo."

"Asante sana. Mheshimiwa, Sista Gakii wa zahanati ameshaapa hapa. Chupa kwanza, sindano baadaye."

Nikamtazama Gakii. Alikuwa ameketi ubavuni mwa Bwana Marsden, macho kwenye viatu vyake vyeupe. Siku ya ajali msichana huyu alinishika mkono akaniambia, "Pole, nyanya, nitamtuliza maumivu." Leo sindano hiyo imehama saa.

Hakimu akafunua karatasi zake. "Nyanya Abiba alisema kulikuwa na mwanamke wa tatu chumbani. Mama mkwe wa mshtakiwa. Yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwake Burat, Mheshimiwa," nikajibu.

"Kwa nini haji?"

Nitamwelezaje mtu wa mbali? Nikajaribu. "Kwetu Borana mama mkwe na mume wa binti yake ni sodda. Hawatazamani usoni, hawali sahani moja. Na jina la mkwewe halimtoki mama huyo mdomoni, hata moto ukiwaka."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Aje Alhamisi. Asipokuja, nafunga ushahidi."

Nilitoka pale nikaenda Burat kwa miguu, jua la utosini, mdomo wangu ukigombana peke yake njia nzima.

Kitu cha kwanza nilichokiona nje ya boma la Mumina, mama mkwe huyo, ni alama za magurudumu. Magurudumu mapana, ya lori. Cha pili, mapipa yamepangwa kando ya ua, yamefunikwa magunia. Mwaka ule watu walikuwa wakichimba mchanga wa mto kwa kucha kutafuta kikombe kimoja. Mapipa!

"Salaam aleikum, Mumina."

"Aleikum salaam. Karibu, Abiba. Kaa nikupikie chai."

"Chai ya maji gani?"

Akaanza kupuliza moto.

"Nimeuliza, chai ya maji gani? Ya mtoni au ya Marsden?"

"Kaka yangu Sharamo ndiye aliyekuja na lori. Alisema ni maji ya bula yote, ya kijiji kizima."

"Na wewe akakuambia ufunge mdomo."

"Alisema mwanamke mwenye heshima haendi kusema habari za mkojo wa sodda yake mbele ya wanaume wa serikali. Abiba, hilo hata asingelisema, mimi mwenyewe nalijua. Nilizaliwa nalo."

"Umemuuza mume wa Hawo!" Nikasikia sauti yangu ikipanda mpaka mbuzi wakainua vichwa. "Binti yako ana mimba kubwa, na baba wa mtoto anakwenda kuoza jela, na wewe unakunywa maji ya watu waliomtia huko! Yanapita kooni, Mumina? Hayakwami?"

Akanyanyuka, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi kwenye mapipa.

"Gonga."

"Nigonge nini?"

"Gonga, mama wee!"

Nikagonga. Pipa likalia tupu. Nikagonga la pili. Tupu. Akatupa magunia moja baada ya lingine, vumbi likatupanda usoni.

"Maji yamenywewa na watoto wa majirani na mbuzi wa wajane. Sikuyamwaga, maji hayana kosa. Lakini mimi sijaonja hata tone." Akaninyooshea vidole. Kucha zimevunjika, zimejaa udongo wa mtoni. "Hii ndiyo chai niliyotaka kukupikia."

Nikakosa pa kuiweka hasira yangu. Nikaketi juu ya gunia. Naye akaketi, akanipa mgongo kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo bila kutazamwa.

"Unakumbuka siku ile, walitangaza mjini kwamba dereva amekufa," akasema. "Mimi nikamfikiria Hawo tu. Nikakimbia mpaka kambini, nikaingia chumba kile bila hata kujifunika kichwa. Nikamkuta mzima, ananitazama. Miguu ikanikatika. Nikaanguka pale mlangoni."

"Nilikuona."

"Chumba kimoja, hakuna hata pazia. Yule binti akaja na chupa, 'Haya, jaza hapa.' Na mimi nimelala sakafuni kama mzigo! Mume wa Hawo akajifunika shuka usoni. Akakataa."

"Huku analia na mguu wake."

"Alilia, wallahi. Gakii akasema huyu atazimia mikononi mwangu, akachukua sindano. Ndipo mkanibeba mkanitoa nje."

"Na sindano ilipomtuliza, wewe ukiwa nje, akaweza."

Mumina akafuta macho kwa ncha ya shuka lake.

"Ni heshima yake kwangu iliyomfunga, Abiba. Angekuwa hana adabu, angejaza chupa ile mbele yangu kabla ya sindano. Leo angekuwa nyumbani kwake."

Nikaacha kumchochea. Mwiko wa ugali una kazi yake, lakini chungu kikishachemka chenyewe, wauacha.

Jua lilipoegemea akasema, "Nitakuja Alhamisi. Lakini yeye wamtoe nje kwanza."

Alhamisi korti ilijaa mpaka madirishani. Hawo aliketi kando yangu, tumbo limemtangulia, anapumua kwa shida. Sharamo alikuwa nyuma na bakora yake. Bwana Marsden hakuja. Alimtuma Gakii peke yake.

Mumina aliingia amejifunika mwili mzima, jicho moja tu nje. Akala kiapo. Kisha akamnong'oneza karani.

"Mheshimiwa," karani akasema, "shahidi anaomba mshtakiwa atolewe chumbani."

Kiongozi wa mashtaka akaruka. "Sheria ni sheria! Mshtakiwa lazima asikie anachosemewa."

"Ni kweli," hakimu akasema. "Mama, siwezi kumtoa. Sema akiwa hapa, au rudi nyumbani."

Karani akatafsiri. Mumina akasimama kidogo. Kisha akageuka, akaanza kwenda mlangoni.

Nyuma nikasikia bakora ya Sharamo ikigonga sakafu mara moja, kama mtu aliyeshinda bao.

Nikafungua mdomo kumwita Mumina, lakini kabla sijaita, gongo la kutembelea likagonga ubao wa kizimba.

Jarso alikuwa anajigeuza. Mguu wa plasta haukutaka, akaulazimisha. Akaupa chumba chote mgongo, akatazama ukuta, akavua koti akajifunika nalo kichwa.

"Mheshimiwa," sauti ikatoka ndani ya koti, "sheria ilitaka masikio yangu. Masikio yapo."

Korti ikalipuka kicheko. Askari akamshika bega kumrudisha. Hakimu aliuma mdomo wa chini.

"Mwache."

Mumina akarudi.

"Nilikuwa pale," akasema kwa sauti ndogo. "Yule binti alileta chupa. Yule mtu hakuweza, kwa sababu yangu. Alikuwa na haja, akaizuia."

"Haja gani, mama?" kiongozi wa mashtaka akauliza. "Ya kwenda sokoni?"

Watu wakacheka tena. Jicho moja la Mumina likamtazama.

"Wewe mwanangu umeoa?"

"Maswali nauliza mimi."

"Basi hili jiulize mwenyewe. Mama wa mke wako akiwa sakafuni hapo, ungejaza chupa?"

Sasa walicheka mpaka askari wa mlangoni akageuka kuficha meno. Kiongozi wa mashtaka akaingiza kidole ndani ya kola ya shati lake.

"Chupa ilirudishwa mezani tupu," Mumina akaendelea, na sauti sasa ilikuwa na mifupa. "Tupu! Sindano ikaingia pajani. Mimi nilibebwa nikapitishwa karibu na meza ile. Chupa ilikuwa imesimama pale, kavu kama jiwe la Korbesa."

Gakii aliinamisha kichwa mpaka kofia yake nyeupe ikataka kuanguka.

"Mheshimiwa," kiongozi wa mashtaka akasema, naye sasa hakuwa na kicheko, "huyu mama anasema 'yule mtu, yule mtu.' Yule mtu ni nani? Siku ile zahanati ilikuwa na wagonjwa wengi. Amtaje."

Alijua. Nawaambia alijua vizuri sana anachokiomba.

Karani akajaribu kumweleza hakimu tena habari ya sodda. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Naheshimu mila zenu. Lakini mama, bila jina, sitajua ni nani aliyekataa chupa. Nahitaji jina lake kutoka kinywani mwako."

Nje punda alilia, akanyamaza.

Jarso akalivuta koti limzibe zaidi.

"Akoo," akaniita mimi nyanya yake, maana Mumina hawezi kumwita. "Akoo, mwambie asiseme. Acha nifungwe. Mwambie!"

Nilimlea mtoto huyu tangu mama yake alipokufa. Hakuna alichoniomba nikamnyima, labda sukari. Siku hiyo nilimnyima.

"Sema, Mumina," nikasema. "Sema, tafadhali."

Akashusha shuka usoni. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe, sikuwa nimejua.

"Jarso," akasema. "Jarso Halake. Mume wa binti yangu."

Nimesikia risasi enzi za vita vya shifta. Hazikunitikisa kama jina lile.

Hakimu akaandika. Akasema Sista Gakii arudi Jumatatu aulizwe upya, na baada yake atasoma uamuzi. Akainuka akaenda zake. Nami nikamgeukia Hawo, nikitaka kumkumbatia, nikitaka kucheka kwa mara ya kwanza tangu Nakuam azikwe.

Bakora ilikuwa imeshafika kati yetu.

"Wote mmesikia," Sharamo alisema kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Dada yangu amemtaja mbele ya watu. Hapa hakuna sodda tena, na pasipo sodda hakuna ndoa. Hawo, inuka."

"Hiyo si sheria ya Borana!" nikamwambia. "Wazee gani walikaa? Lini? Hiyo ni sheria ya tumbo lako, Sharamo!"

"Wewe mzee, funga huo mdomo wako."

"Nilifunga miaka mingi, nikaona kuliniletea nini!"

"Abuya," Hawo akalia, ameshika benchi kwa mikono miwili, "mjomba wangu, niache nimwone kwanza. Niache nimwambie neno moja."

Jarso alikuwa ameshatupa koti. Akamwona mkewe anavutwa. Akaruka kwa mguu mmoja, gongo likamteleza, akaanguka mikononi mwa askari wawili, nao wakamkokota kwenda mlango wa nyuma, huko rumande, akiita, "Hawo! Hawo!"

Nikawafuata wengine nje. Nilikimbia, mimi mwenye magoti haya.

Landrova ilikuwa inangoja, injini inanguruma. Mlangoni kulikuwa na chapa ya kampuni, tone la buluu la maji. Dereva wa Marsden alikuwa ameshikilia mlango wazi, kama anampokea bibi harusi.

Basi nikaelewa alama za magurudumu kule Burat. Maji ya Mumina yalikuwa ya mapipa tu. Ng'ombe wa Sharamo ndio waliokuwa wakinywa maji ya kampuni kila siku.

Sharamo alimsukuma Hawo ndani, akapanda, mlango ukafungwa, na Mumina akapiga kioo kwa viganja vyote viwili. "Sharamo! Ni damu yako hii! Sharamo!"

Sharamo aliteremsha kioo kidogo, upana wa vidole tu. Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

"Mwambie mjukuu wako hivi. Jumatatu, kabla huyo muuguzi hajasimama, akubali kosa. Akikubali, mke wake atarudi nyumbani azalie kwake. Asipokubali, mtoto atazaliwa mahali hamtapajua."

Gari likaondoka. Nikabaki na vumbi la kampuni mdomoni.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Mkono ukanigusa bega. Alikuwa askari mmoja wa rumande, kijana, amevua kofia.

"Nyanya, samahani," akasema. "Mjukuu wako amekataa kutulia. Anauliza mke wake amepelekwa wapi. Nimwambie nini?"